Bwana Msa na Hadithi Iliyokonda: Maoni Kuhusu Riwaya za Mfululizo

Mwalimu mwenzangu, sina shaka umewahi kuulizwa darasani swali ambalo hukulitarajia, ukalipuuza, halafu jioni ukajikuta ukilirudia peke yako. Lililonipata mimi liliulizwa katika darasa la Kidato cha Tatu hapa Makindu, tulipokuwa tukijadili msuko wa riwaya teule. Nilikuwa nimeandika ubaoni yale tunayoyaandika miaka nenda miaka rudi: utangulizi, kuchipuka kwa mgogoro, kilele, suluhisho. Mvulana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na hadithi ikiwa na sehemu saba, kilele kinakuwa wapi?" Nilimjibu kwamba riwaya yetu haina sehemu saba. Akasema hakuwa anazungumzia riwaya, alikuwa anazungumzia gemu. Darasa lilicheka, nami nikacheka nalo, kisha nikaendelea na somo.

Kosa lilikuwa langu. Swali lile ni la fasihi, na tena ni gumu. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa kutumia riwaya zetu wenyewe, hasa zile za Muhammed Said Abdulla, lakini nakuomba univumilie nianze na gemu hiyo, kwa sababu mfano wake unaonyesha jambo ambalo katika riwaya limejificha zaidi.

Gemu yenyewe inaitwa Assassin's Creed, nayo hutengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka wa 2007. Ndani yake mna hadithi mbili, moja ndani ya nyingine. Hadithi ya ndani ni ya mpiganaji wa zama za vita vya Msalaba. Hadithi ya nje ni ya kijana wa siku hizi, Desmond Miles, ambaye ametekwa na kampuni moja na kulazwa kwenye mtambo unaomfanya aishi kumbukumbu za mababu zake. Kila sehemu mpya ilileta babu mwingine au mji mwingine, ila swali la nje lilibaki lile lile: watekaji wa Desmond wanatafuta nini, na yeye atafanya nini akishajua? Sehemu zilifuatana kila mwaka kuanzia 2009. Mbunifu wake mkuu, Patrice Désilets, aliondoka katika kampuni hiyo mwaka wa 2010. Mwaka wa 2012, katika sehemu iliyoitwa ya tatu, Desmond alikufa. Gemu hazikukoma. Katika sehemu ya 2013 nafasi ya Desmond ilichukuliwa na mfanyakazi asiye na jina, na katika ile ya 2015 hadithi ya nje ilipunguzwa hata ikawa vipande vifupi vya kutazama tu. Picha zilizidi kupendeza na miji ikazidi kuwa mikubwa, lakini swali lililowafanya watu wasubiri halikuwapo tena. Mwanafunzi wangu alilieleza kwa maneno yake: "Ilikufa, lakini wakaendelea kuiuza."

Tukitaka kuzungumza juu ya jambo hili kwa Kiswahili chetu cha uhakiki, tunahitaji kutofautisha vitu viwili. Kuna kisa, yaani mambo yanayoanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja. Na kuna kile ambacho katika makala haya nitakiita hadithi kubwa, yaani swali linalovuka kutoka kitabu hadi kitabu na kumfanya msomaji atamani kinachofuata. Mhusika kurudi peke yake hakuleti hadithi kubwa. Sungura amerudi katika ngano zetu mara zisizohesabika, katika zile ambazo John Mbiti alizikusanya Ukambani na kuzichapisha mwaka wa 1966 na katika zile ambazo nyanya zetu walitusimulia bila kitabu, wala hakuna anayesema kwamba ngano ya mwisho ya Sungura imechuja kuliko ya kwanza. Ni vivyo hivyo kwa Abunuwasi wa pwani. Kila ngano inaanza upya kana kwamba ya jana haikutokea. Sungura aliyeuawa jana leo yuko kisimani anaiba maji. Pasipo ahadi hapana deni. Kuchuja huanza pale mtunzi anapoahidi kitu kinachozidi kisa cha leo.

Je, Muhammed Said Abdulla aliahidi nini?

Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka wa 1918. Alipomaliza masomo mwaka wa 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Nakuomba uikumbuke kazi hiyo, maana mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, hutazama mitaro na visima, na huuliza ugonjwa umetoka wapi wakati watu wanamwambia ni pepo. Mwaka wa 1948 aliingia katika uandishi wa habari akiwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akawa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka wa 1968 alihariri jarida la kilimo lililoitwa Mkulima. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957–58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, nayo ikachapishwa mwaka wa 1960.

Humo ndimo tulimojulishwa kwa Bwana Msa. Yeye si polisi. Ni mtu mwenye kiko mdomoni na akili isiyokubali jambo kabla ya kulipima, na pembeni mwake yupo rafiki yake Najum, anayeshika nafasi ile ile ya Watson kwa Sherlock Holmes. Abdulla hakuuficha mkopo huo kutoka kwa Conan Doyle. Lakini alichokifanya na mkopo wake si cha Kiingereza hata kidogo. Tajiri mwenye mashamba anauawa, na mahali penyewe ni kwenye mzimu, mahali ambapo watu wamezoea kupeleka nadhiri zao na hofu zao. Kwa hiyo swali la kitabu si nani aliyeua tu. Kuna la pili lililo kubwa zaidi: je, jamii inayoamini kwamba mzimu unaua itakubali kuonyeshwa kwamba aliyeua ni mtu? Jina la mpelelezi nalo linasema jambo. Ziweke pamoja herufi za kwanza za majina ya mwandishi, utapata M.S.A. Mkaguzi wa zamani wa afya amejiingiza kitabuni, na safari hii amekuja kukagua imani.

Hii ndiyo hadithi kubwa ya Bwana Msa kama ninavyoiona mimi: ushindani kati ya hoja na hofu katika Unguja iliyokuwa ikibadilika. Ulikuwa mwaka wa 1960. Magazeti yalijaa siasa, vyama vilikuwa vikigombana na uhuru ulikuwa unanukia. Msomaji wa wakati huo angeweza kabisa kujiuliza Bwana Msa angefika wapi, na nchi yake ingefika wapi pamoja naye.

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka mwaka wa 1968, nayo pia ilikuwa imeshinda zawadi. Tazama jina tena. Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ni makao ya wachawi. Msomaji anaingia kitabuni akiwa tayari ameogopeshwa na jalada, na Bwana Msa anapokuja na kiko chake, pambano la kitabu cha kwanza linaendelea. Hadi hapo mfululizo una afya.

Sasa yaweke majina ya riwaya zilizofuata kwa mstari mmoja: Duniani Kuna Watu, 1973, Siri ya Sifuri, 1974, Mke Mmoja Waume Watatu, 1975, Mwana wa Yungi Hulewa, 1976. Mzimu umetoweka. Kisima cha wachawi nacho kimetoweka. Tumehamia kwenye watu, siri, wake, waume na wana. Bwana Msa anafumbua siri za nasaba, za ndoa na za urithi. Mafumbo yenyewe yamesokotwa kwa ustadi. Nani ni mwana wa nani, nani alifichwa wapi, nani aliolewa kwa jina lipi: ukisoma inakubidi ushike kalamu. Wapo wahakiki wanaosema kwamba misuko ya Abdulla ilizidi kukomaa kadiri alivyoendelea kuandika, nami siwapingi. Ukiipima riwaya mojamoja, huenda Siri ya Sifuri ikakushughulisha akili kuliko Mzimu wa Watu wa Kale. Kilichopungua kiko nje ya riwaya mojamoja. Akili ya Bwana Msa haina tena adui. Katika vitabu viwili vya kwanza alipambana na hofu ya jamii nzima, na katika vinne vilivyofuata anapambana na ugumu wa fumbo. Akilifumbua, familia moja inatulia, basi. Msomaji akifunga kitabu hana la kusubiri isipokuwa fumbo jingine.

Ndiyo maana nikatangulia kusema kwamba kisa kinaweza kunenepa huku hadithi kubwa inakonda. Mambo haya mawili hayazuiani, na nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tunapouzungumzia mfululizo. Tunasema tu kwamba vitabu vya mwisho ni vibaya au ni vizuri, bila kusema ni vibaya kwa kipimo kipi. Lugha, kwa mfano, haikuchuja kamwe. Kiswahili cha Abdulla kilibaki cha Unguja hasa, chenye misemo na mzaha wa barazani. Kusema kweli wanafunzi wetu huku bara huona ni mzigo, na mara nyingi mimi mwenyewe hulazimika kufungua kamusi kabla ya kipindi.

Kwa nini basi hadithi kubwa ilikonda? Hapa yatupasa tutoke ndani ya vitabu na kuitazama historia.

Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili yalitokea Mapinduzi ya Januari 1964. Ulimwengu ambamo Bwana Msa alizaliwa, wa mabwana wenye mashamba na wategemezi wao, ulipinduliwa. Ardhi ilitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Matajiri wengi walikimbia au walipoteza mali. Kwa mwandishi wa riwaya ya upelelezi hili si jambo dogo, kwa kuwa urithi ndio sababu kuu ya mauaji katika riwaya za aina hii, na sasa kilichokuwa kikirithiwa kimechukuliwa na serikali. Ushindani wa hoja na hofu nao ulikuwa umepata sura mpya kabisa, maana serikali yenyewe ilijitangaza kuwa upande wa maendeleo, na hofu iliyokuwapo mitaani haikuwa tena ya mizimu peke yake. Bwana Msa angekuwa na kazi nyingi mno. Lakini riwaya za miaka ya 1970, kwa kadiri ya hali ya maisha inayosawiriwa ndani yake, zinafanana zaidi na Unguja ya kabla ya 1964. Saa ya mfululizo ilisimama.

Linganisha na Wazanzibari wenzake walioandika karibu na wakati huo. Mohamed Suleiman Mohamed alitoa Kiu mwaka wa 1972 na Nyota ya Rehema mwaka wa 1976, mwaka ule ule wa Mwana wa Yungi Hulewa, na katika Nyota ya Rehema suala la ardhi na nani anaimiliki ni suala la kufa na kupona. Shafi Adam Shafi akafuata na Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka wa 1978, ambamo bwana mwenye shamba anatazamwa kwa jicho la wale waliomtumikia na mapinduzi yenyewe yanaingia uwanjani. Waandishi hao hawakuwa na mfululizo wa kuutunza. Walikuwa huru kuifuata historia popote ilipokwenda. Abdulla alikuwa na Bwana Msa mkononi, na Bwana Msa alikuwa mtu wa zamani. Simlaumu kwa hilo. Yawezekana kunyamaza kulikuwa busara kwa mtu aliyekuwa mwandishi wa habari Zanzibar katika miaka ile, na wewe msomaji una haki ya kusema kwamba mtu aliyekaa ndani ya tufani hadaiwi masimulizi ya tufani. Ninachosema ni kwamba hadithi kubwa haikuwa na pa kwenda, ikabaki mahali ilipokuwa.

Sababu ya pili ni ya uchapishaji, na hatuifundishi hata kidogo. Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili ilipita miaka minane. Kati ya ya pili na ya tatu, mitano. Halafu zikaja nne katika miaka minne mfululizo, moja kila mwaka, zote zikichapishwa na East African Publishing House, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1965 na ambayo wakati huo ilikuwa na njaa ya vitabu vya Kiswahili. Mwandishi alikuwa amekwisha kustaafu na alikuwa na nafasi ya kuandika. Ilikuwa neema kwa wasomaji, na kwa fasihi yetu changa ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo, kitabu cha kila mwaka kinadai kitu kinachoweza kutengenezwa kila mwaka. Fumbo jipya linaweza kutengenezwa. Hatua mpya katika maisha ya jamii au katika nafsi ya mhusika huhitaji muda. Ile gemu ya mwanafunzi wangu ilipitia njia hiyo hiyo: sehemu mpya kila mwaka tangu 2009 hadi 2015, hata kampuni ikalazimika kupumzika mwaka wa 2016. Tofauti ni kwamba Ubisoft ina maelfu ya wafanyakazi. Abdulla alikuwa peke yake na kalamu yake.

Baada ya 1976 pakawa na kimya cha miaka minane. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Fikiria hali ya mwandishi wa Zanzibar ambaye wachapishaji wake wako Nairobi, na ya mchapishaji wa Nairobi ambaye sehemu kubwa ya wasomaji wake wako Tanzania. East African Literature Bureau, iliyomtoa Bwana Msa tumboni, ilikufa pamoja na Jumuiya, na upande wa Kenya nafasi yake ikachukuliwa na Kenya Literature Bureau mwaka wa 1980. Sidai kwamba mpaka ndio uliomnyamazisha Bwana Msa. Mwandishi alikuwa amekaribia miaka sitini na huenda alikuwa amechoka. Lakini tarehe hazipuuziki. Riwaya ya saba ilitoka mwaka wa 1984, mwaka uliofuata kufunguliwa kwa mpaka.

Na jina lake ni Kosa la Bwana Msa.

Kila ninapolitaja jina hili darasani, wanafunzi huketi wima. Katika riwaya sita tumezoea mtu asiyekosea. Sasa jalada lenyewe linatutangazia kosa, na kosa ndicho kitu pekee ambacho mfululizo ulikuwa haujatupa, yaani badiliko katika Bwana Msa mwenyewe. Mpelelezi akikosea amekuwa binadamu, na binadamu anaweza kuwa na hadithi kubwa. Kwa maoni yangu wazo hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia tangu Giningi, ila lilichelewa kwa miaka kumi. Abdulla alifariki mwaka wa 1991 bila kutupa riwaya nyingine ya Bwana Msa baada ya hiyo.

Huenda ukaniuliza kama mfululizo wa upelelezi unaweza kuepuka hali hii kabisa. Conan Doyle mwenyewe hakuweza. Alimchoka Holmes, akamuua mwishoni mwa 1893, kisha wasomaji wakamshinda na mwaka wa 1903 akamfufua. Aliendelea kumwandikia hadi 1927, na sijakutana na mtu anayezitaja hadithi za mwisho kabla ya zile za mwanzo. Kifo kilikuwa kilele, na aliyerudi kutoka kifoni hana tena cha kutishwa nacho.

Lakini hapa kwetu pana mfano wa namna nyingine. Aristablus Elvis Musiba wa Tanzania, aliyefariki mwaka wa 2010, alimwanzisha mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, akamrudisha katika Kikosi cha Kisasi mwaka wa 1979 na katika nyingine kadhaa, ikiwemo Hofu ya 1988. Wahakiki wa vyuoni hawakuzipenda sana riwaya hizi. Walizisema kuwa za risasi, warembo na hoteli, na kwa kiasi fulani walisema kweli. Ukimweka Willy Gamba kando ya Bwana Msa kwa ufundi wa lugha, hakuna mashindano. Hata hivyo, hadithi yake kubwa haikukonda upesi, na sababu yake ni rahisi: hakuibeba peke yake. Adui wake alikuwa utawala wa Makaburu na mawakala wake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru walikuwa wakionekana mitaani, na redio ilikuwa ikitaja Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Namibia kila jioni. Msomaji aliyefunga kitabu alifungua redio, na hadithi ikaendelea. Mwandishi angeweza kukaa miaka mitano bila kuandika na bado uzi usikatike, kwa maana historia ilikuwa inausokota kwa niaba yake.

Bila shaka mkopo huo nao ulikuwa na tarehe ya kulipwa. Mwaka wa 1994 Mandela akawa rais. Willy Gamba alirudi baadaye katika Uchu, akiwa na bastola ile ile na ujasiri ule ule, ila adui wa miaka ishirini alikuwa ameondoka jukwaani, na Afrika iliyombakia ilikuwa na maadui wasioonekana kwa urahisi namna ile. Bwana Msa aliipa historia kisogo na akakauka mapema. Willy Gamba aliegemea historia, akaanguka ilipoondoka. Sijui ni ipi iliyo bora. Kama ningelazimishwa kuchagua ningesema ya pili, lakini nikienda kitandani ningechukua Kisima cha Giningi.

Narudi darasani, maana wewe ni mwalimu na unataka kujua utafanya nini na haya yote. Mtihani wetu wa fasihi huteua riwaya moja kila kipindi: Utengano, Siku Njema, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Nguu za Jadi. Kila moja inajitosheleza. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kabisa bila kuwahi kuulizwa hadithi inafanya nini inapovuka jalada. Na huyo huyo mwanafunzi, akitoka shuleni, karibu kila anachokitazama ni mfululizo: tamthilia za televisheni zenye vipindi mia mbili, filamu zenye sehemu kumi, gemu. Anajua kwamba vinachuja. Anahisi kabisa ni wapi vilipochuja. Kinachomkosa ni msamiati wa kusema hivyo, na sisi wenye msamiati tunamwambia hilo haliko katika silabasi.

Nilijaribu jambo dogo, ambalo unaweza kulijaribu pia ukipata nakala. Si rahisi kuzipata. Maktaba yetu ilikuwa na mbili tu kati ya hizo saba, na moja haikuwa na jalada. Niliwapa wanafunzi wanne wa chama cha Kiswahili Mzimu wa Watu wa Kale wasome wakati wa likizo, kisha muhula uliofuata nikawapa Duniani Kuna Watu. Sikuwauliza maswali ya dhamira wala tamathali. Niliwaomba waandike mwishoni mwa kila kitabu swali moja ambalo wangetaka kitabu kinachofuata kijibu. Baada ya kitabu cha kwanza walileta maswali mengi: kama watu wa pale waliendelea kupeleka nadhiri kwenye mzimu baada ya ukweli kujulikana, kama Bwana Msa aliwahi kuogopa, kama Najum ataoa. Baada ya cha pili wawili hawakuleta kitu. Walisema kitabu kilikuwa kizuri na kimekwisha. Msichana mmoja alisema alikipenda zaidi kuliko cha kwanza, tena akanitetea hoja zake vizuri mbele ya wenzake, na sikuweza kumtoa hapo.

Yule mvulana wa gemu ndiye aliyeniuliza juu ya yale mashamba ya tajiri aliyeuawa, yalikwenda kwa nani. Nilimwambia kuhusu 1964 na eka tatu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa nini Bwana Msa hakuwahi kupewa kesi ya mwaka huo. Nilimwambia aiandike yeye. Mpaka sasa ameniletea ukurasa mmoja na nusu. Bwana Msa amekaa nje ya nyumba yake mwaka wa 1965, kiko kimezima, na mtu anakuja mbio kutoka shambani. Bado hajaamua ni nani aliyeuawa.